Kabla Sijafungua Injini

Mabasi ya Musoma na Sirari ndiyo yaliyonilea. Nilianza kwa kuosha vyuma kwa dizeli kwenye gereji moja iliyojificha nyuma ya barabara ya Musoma, jirani na stendi ya Buzuruga, chini ya mzee wa Kijaluo kutoka Shirati ambaye hakuwa na cheti hata kimoja. Basi likiletwa na dereva anayelia kwamba limechoka, mzee hakugusa spana. Aliliwasha, akafungua kifuniko cha kuwekea oili, akaweka kiganja juu ya tundu. Injini nzima hupumua kidogo tu. Iliyokwisha ringi hukupiga kiganjani kwa hewa ya moto yenye harufu ya moshi, inahema kama mtu aliyepanda kilima cha Bugando na gunia kichwani. Hapo ndipo aliposema, "Hii ya kufungua," au "Mwambie akamwage oili, aendelee na safari." Hilo la pili alilisema mara nyingi zaidi, na nadhani ndiyo sababu hakuwahi kujenga ghorofa.

Magari ya mbio yalinikuta nikiwa tayari na gereji yangu, banda la mabati na mti wa mwembe. Kwanza zilikuja Altezza. Gari lenyewe lilitoka Japani mwaka 1998, na injini yake ya 3S-GE ya lita mbili Toyota waliitengeneza kwa kushirikiana na Yamaha. Ile ya gia za mkono ina nguvu za farasi 210. Kisha zikaja Subaru: Impreza WRX, Forester za turbo, zote na EJ20 yenye pistoni zilizolala chali, mbili huku na mbili kule. Vijana wanaozileta wanajua kwamba Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote kwa Impreza. Wanachosahau ni jeshi la mafundi lililokuwa likizisubiri gari zile kila kituo. Injini ya rali hufunguliwa kwa ratiba. Ya Buzuruga hufunguliwa kwa msiba.

Wateja wangu wengi ni watu wa dhahabu wa Geita, madalali wa samaki, na vijana waliopata fedha ghafla. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hao wa Geita wananiletea kazi zaidi. Zamani walipanga foleni ya kivuko na injini ikapata kupoa kidogo. Siku hizi hawaondoi mguu.

Ugonjwa karibu wote huanzia kwenye oili, na hapo ndipo hakuna anayeangalia. Kijana atakuambia, "Mzee, taa haijawaka, oili ipo." Taa ile haipimi wingi wa oili, inapima presha. Injini inaweza kupoteza lita nzima na zaidi huku dashibodi imenyamaza. Kwa hiyo swali langu la kwanza ni moja: kati ya kumwaga oili mara hii na mara iliyopita, umeongeza kiasi gani? Anayenijibu kwa kipimo, hata cha kukadiria, ana gari lenye nafasi ya kupona. Anayecheka, nachukua kijiti mwenyewe.

Moshi nao unadanganya. Wa bluu ni oili inayoungua, sawa, lakini inaingilia wapi? Ukishuka mteremko umeachia mafuta, halafu ukikanyaga tu litoke wingu moja kisha liishe, mara nyingi hizo ni sili za valvu, na kazi hiyo haihitaji kufungua bloku. Likifuka muda wote linapovuta mlima, ndipo ninapoanza kuzifikiria ringi.

Aliwahi kuja mama mmoja muuza dagaa wa Mwaloni, pale Kirumba, na Forester ya mwanawe. Gereji nyingine ilikuwa imeshamwandikia orodha ya ovahoo nzima. Nikamwambia, "Mama, keti kwanza." Kompresheni ilisoma karibu sawa silinda zote nne. Nikavua bomba la hewa linalotoka kwenye turbo: limelowa oili chapachapa. Turbo ndiyo iliyokuwa imekwisha sili zake, injini haikuwa na neno. Nilipomtajia bei, akaninyanyulia jicho. "Mwanangu, mbona rahisi hivi? Una hakika umeangalia vizuri?" Sikumlaumu. Mtu akishaambiwa anaumwa sana, dawa ndogo humtia wasiwasi.

Sauti ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuielewa. EJ20 nyingi hugonga asubuhi zikiwa za baridi, tak-tak-tak ya pistoni ikicheza ndani ya silinda, kisha hunyamaza zikipata moto. Hiyo unaweza kuishi nayo miaka. Ya kuogopa huja kinyume: asubuhi kimya, injini ikishachemka na oili ikawa nyepesi, unasikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini, hasa ukipandisha mzunguko kidogo na kuachia. Hizo ni beringi za konrodi. Navuta waya wa plagi moja moja, au nachomoa koili yake. Silinda ambayo ukiizimia moto mlio unapungua, ndiyo yenye maradhi. Baada ya hapo gari haliendeshwi tena, hata mpaka Igoma. Linavutwa. Nimebishana na wateja juu ya jambo hili kuliko juu ya bei.

Kupima kompresheni kila fundi anajua, ila kwenye Subaru kuna mtego. Tumezoea kumwagia oili kijiko kimoja kwenye silinda iliyo chini kisha kupima tena: kipimo kikipanda, ringi, kisipopanda, valvu au gasketi. Kwenye silinda iliyolala, oili ile hutuama upande wa chini na kuacha ringi za juu kavu, na jibu linakuwa la kubahatisha. Humo natumia hewa ya kompresa. Naijaza silinda valvu zikiwa zimefungwa, kisha nasikiliza inapotokea: kwenye tundu la oili, kwenye bomba la moshi, au mapovu kwenye rejeta.

Silinda inayokufa peke yake huku wenzake wazima, mara nyingi pistoni imevunjika kingo kati ya ringi. Petroli ya daraja la juu huko Japani ni ya okteni 100, na injini hizi za turbo zilirekebishwa kwa mafuta hayo. Hapa tunazinywesha ya chini ya hapo, halafu kijana anakwenda kuongezewa presha ya turbo. Mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni ndiyo inayopigwa.

Kipimo ninachokiamini kupita vyote hakina umeme. Navua filta ya oili, naikata kwa msumeno wa chuma, natandaza karatasi yake juani. Weusi ni kawaida. Chembe zinazometameta napitishia sumaku: zinazorukia ni chuma, zisizorukia, za rangi ya shaba au fedha, ni beringi zinaliwa. Mwenye gari nampa karatasi aishike mwenyewe. Hakuna maneno yangu yaliyowahi kumshawishi mtu kama karatasi hiyo.

Ikishafika hapo, wengi wananiuliza kama si bora kununua injini ya mtumba kuliko kupeleka krenki Nyakato kukerezwa. Wakati mwingine ni bora, sikatai. Krenki iliyoungua sana haina faida. Lakini injini ile nayo ilitoka kwenye gari la mtu, na muuzaji haiwashi mbele yako. Kwa hiyo ikifika hapa naipima kompresheni ikiwa bado chini, navua sampu, naangalia beringi mbili. Muuzaji akikataa isifunguliwe, tunairudisha kwenye lori lililoileta. Na mteja asiyetaka kusubiri nikate filta, namwonyesha gereji nyingine. Zipo tele barabara hii hii.