Deni la Banda la Gemu

Bumu lilipoingia muhula uliopita, wenzangu walinunua viatu. Mimi nilinunua pedi mbili za gemu, zile za waya za kuchomeka kwenye laptop, nikajifungia hosteli kucheza Tekken 3. Dakika ishirini tu, nikachoka. Nikajiuliza: hivi hiki ndicho tulichokuwa tunakitorokea darasani?

Gemu ilikuwa ileile. Aliyekosekana ni Eddy.

Nimekulia Mpanda, mtaa wa Makanyagio. Banda letu lilikuwa la mabati, na ndani kulikuwa na TV ya chogo, benchi moja na PlayStation ya kwanza iliyogeuzwa chini juu, maana lenzi yake ilikuwa imechoka na bila kuigeuza haisomi CD. Mechi shilingi 100, anayepigwa anapisha. Enzi hizo umeme wa mji ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Ukikatika katikati ya raundi, ugomvi wa nani alikuwa anashinda unahamia nje.

Mashine ile ilitoka Japani Desemba 1994, na Tekken 3 ikaingia kwenye PlayStation mwaka 1998. Sisi tulikutana nayo tukiwa kidato cha pili, zaidi ya miaka kumi na tano baadaye. Nikisoma Wazungu wanavyoziita gemu za kale, nacheka. Kwetu zilikuwa mpya kabisa. Zilikuja taratibu tu, kama mzigo unaopitia Kaliua.

Rafiki yangu tulimwita Eddy kwa sababu hakuwahi kuchagua mtu mwingine zaidi ya Eddy Gordo, yule Mbrazili anayepigana kapoera, mchezo ulioanzishwa na Waafrika waliopelekwa Brazili utumwani. Mtaani Eddy alidharauliwa: bonyeza X na duara hovyohovyo, mateke yanatoka yenyewe. Lakini huyu wa kwetu hakubonyeza hovyo. Alijua kila teke linaanzia wapi na linaishia kwenye mbavu za nani.

Siku moja, muda wa vipindi, mwalimu wa nidhamu akaingia bandani. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na pazia la nyuma, nikapenya. Eddy alikuwa amekaa, pedi mkononi, raundi ya tatu. Alichapwa paredi, akaambiwa ataje alikuwa na nani, kisha alete mzazi. Akasema alikuwa peke yake. Mzazi hakuwa naye. Alilelewa na bibi yake, njia ya Sitalike. Wiki ikawa mwezi, hakurudi. Mimi nikaendelea: kidato cha nne, cha sita, chuo. Tulipokutana mjini tulisalimiana, tukapiga stori za mpira. Ya siku ile hayakuguswa.

Likizo iliyopita nilimkuta kijiwe cha bodaboda karibu na stesheni. Nikamwambia, "Oya, nina Tekken kwenye laptop." Akaniangalia kama niliyemwambia nina trekta.

Jioni tulikuwa wanne barazani kwetu, wote wa banda lile. Niliwaonyesha imuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ijifanye PlayStation. Nikawasomea pia utafiti wa mwaka 2023 wa Video Game History Foundation ya Marekani: asilimia 87 ya gemu zilizotolewa nchini humo kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni. Hizo utazikuta kwa wakusanyaji na kwenye nakala za watu.

"Kumbe sisi ni makumbusho," mmoja akasema.

"Makumbusho gani yana madeni hivi?" Eddy akajibu, akachukua pedi.

Alikuwa hajashika pedi miaka mingi. Raundi ya kwanza vidole vilisitasita. Ya pili vikakumbuka. Alinipiga mara saba mfululizo, na kila nikipigwa wale wawili wanapiga kelele zilezile za banda, mpaka mama akatoka kuuliza kuna nini. Akamwona. "Mwanangu, umekua hivi? Bibi hajambo?" Eddy akasimama kumwamkia, pedi bado mkononi.

Wale wawili walipoaga, nikalitoa. "Siku ile nilikuwa nyuma ya pazia."

"Najua. Niliona miguu yako."

"Mbona hukunitaja?"

Akatulia kidogo. "Tungechapwa wawili ingesaidia nini? Halafu ile mechi nilikuwa naongoza. Nani angekuja kunilipa?"

Tukacheka, lakini sikulala vizuri. Sijui kama ule ulikuwa msamaha au alinipunguzia tu mzigo, kama alivyofanya mara ya kwanza. Ninachojua ni kwamba nisingepata ujasiri wa kumwambia tukiwa tumekaa tunatazamana, yeye na helmeti yake, mimi na kitambulisho cha chuo. Tulikuwa tunatazama skrini, bega kwa bega, na kwenye ile skrini yeye ndiye msomi.

Kabla hajawasha pikipiki akauliza, kama mtu anayeulizia bei ya mafuta, mtihani wa QT mtu anajisajilije. Kesho yake tulikwenda pamoja kuulizia.

Laptop nimerudi nayo chuoni. Pedi moja nimemwachia yeye, kwa hiyo hosteli siwezi kucheza na mtu mpaka likizo. Ile mechi ya raundi ya tatu bado ninadaiwa. Kila tukitaka kuirudia, anasema tusubiri matokeo ya QT.