Ini, Wembe na Ghala ya Chakula

Katika nchi ya Shinyanga na Geita, tumbo la mtu likifura na macho yakageuka manjano, watu huulizana kwanza ni nani aliyemroga. Machimboni hutajwa pia zebaki ya kukamatia dhahabu. Zebaki ni sumu kweli, nayo hudhuru figo na mishipa ya fahamu. Walakini sababu kubwa za saratani ya ini ni nyingine, nazo zimo majumbani mwetu.

Ya kwanza ni virusi vya homa ya ini B. Hupita katika damu, katika kujamiiana, na kwa mama kumpa mtoto katika kuzaa. Watoto wachanga walioambukizwa, kadiri ya 9 katika 10 hubaki navyo. Watu wazima wengi huviondoa mwilini. Basi mchimbaji wa miaka 40, mwenye nguvu za kuvunja mawe, aweza kuwa na maradhi aliyozaliwa nayo, asihisi neno. Madaktari wa Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2014 habari za wagonjwa wao wa saratani hii: wanaume walizidi wanawake, na wengi walikuwa na virusi hivyo. Ulevi nao ulionekana kwa wengi.

Ya pili ni sumukuvu, itokayo katika kuvu ya mahindi na karanga zilizowekwa na unyevu. Moto wa jiko hauimalizi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani, hasa kwa mwenye virusi vya B.

Nilikaa matangani katika kijiji kimoja cha Kahama, nikasikia jina la bibi mmoja likinong'onwa kwa sababu macho yake ni mekundu. Macho yale yalifanywa mekundu na moshi wa kuni. Karibu yangu akina mama walichambua karanga, zenye kuvu wakizitenga.

"Hizo mtazitupa, mama?" niliuliza.

"La, maalim, hizi twauza gulioni."

Nikakumbuka jinsi Mtume (S.A.W.) alivyotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta majimaji ndani, akamkemea mwuzaji.

Ndugu msomaji, chakula na kianikwe juu ya turubai, na kibovu kitupwe. Wembe wa jando na wa kunyolea mtoto siku ya saba usitumiwe kwa watu wawili. Tanzania iliitia kinga ya homa hii katika chanjo za watoto mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo na apimwe, na mama mja mzito vilevile. Dawa za kuvizuia virusi zipo.

Kumsingizia bibi mzee ni dhulma mbili. Yeye aonewa, na ndugu za marehemu, waliozaliwa tumbo moja naye na pengine wenye virusi vile vile, waambiwa mambo yamekwisha, wasiende kupimwa.