Namba Isiyojumlishwa

Jirani yangu wa Shirimatunda alirudishwa mara tatu na ofisi moja mjini Moshi: "Mama, namba yako ya NIDA haitambuliki." Mara ya nne nilimsindikiza. Kwenye kioo cha kompyuta, tarakimu za mwisho zilikuwa sufuri tupu. Kwenye kitambulisho hazikuwa hivyo.

Aliyeandika programu ile aliihifadhi namba ya mtu kana kwamba ni kiasi cha fedha. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, ilhali JavaScript, kwa mfano, huitunza namba ya kawaida kwa uhakika hadi tarakimu 15 tu. Zinazozidi huweza kukadiriwa kimyakimya. Ninyi mnaoandika programu za simu na kompyuta, ihifadhini kama maandishi, tangu fomu hadi hifadhidata. Namba ya simu vilevile, isije ikapoteza sufuri yake ya mwanzo. (Nani hujumlisha vitambulisho?) Na msijaribu kazi yenu kwa "12345", jaribuni kwa tarakimu 20 kamili.

Karani, ambaye hakuwa na kosa, aliomba radhi. Jirani yangu akauliza nauli za safari tatu atamdai nani.