Waliosimama Kutazama

Wanafunzi wa tahasusi ya HKL wanapofika kwenye historia ya sanaa za maonyesho, ubao huwa umeshajigawa wenyewe kabla sijashika chaki. Kabla ya ukoloni, wakati wa ukoloni, baada ya uhuru, Azimio la Arusha na kuendelea. Vitabu vimezoea hivyo, mitihani imezoea hivyo, na mimi niliyesomeshwa hivyo sikuona sababu ya kufanya vingine. Jando, unyago, matambiko na majigambo yalikaa safu ya kwanza. Vichekesho na michezo ya Kiingereza ya shuleni vilikaa ya pili. Kisha zilikuja ngonjera, kisha Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, kisha Hatia ya Penina Muhando ya mwaka 1972. Kila kitu kilipata mahali pake, na kikishapata mahali pake tulikiacha hapo na kuendelea na safari.

Msichana mmoja anayetoka upande wa bonde la Manonga ndiye aliyeuliza Bagika waandikwe wapi. Aliuliza kwa upole, kalamu ikiwa juu ya daftari, akitaka tu kukamilisha jedwali lake. Hapa Igunga, penye Wanyamwezi na Wasukuma, Wanyiramba na Wataturu, hakuna mtoto asiyewajua Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wacheza ngoma vinavyoshindana baada ya mavuno. Mapokeo yanawataja waasisi wao, Ngika na Gumha, waganga na wachezaji wa karne ya 19, kwa hiyo safu ya kwanza inawadai. Lakini mashindano hayo yaliendelea chini ya mkoloni, pamba ilipoleta fedha mkononi na watu wakapata sababu ya kukusanyika, na leo bado yapo, tena yana vipaza sauti na jenereta. Nilimwambia aandike safu ya kwanza. Akaandika. Jibu langu halikuwa la uongo, na katika mtihani lingempa alama yake, ila mimi mwenyewe nilitoka darasani nalo likinikaa vibaya.

Jirani na ninapoishi kuna mzee ambaye ujanani alikuwa manju. Nilikwenda kwake na daftari lenye maswali niliyoyapanga: ngoma ilianza lini, nani aliianzisha, maleba yalikuwaje. Alinijibu kwa heshima na kwa kifupi, kama watu wanavyomjibu karani wa sensa. Nilikuwa karibu kuaga nilipomuuliza, bila kuwa na neno hilo kwenye daftari, kwamba siku aliyoshindwa alijuaje kuwa ameshindwa, maana pale uwanjani hakuna mwamuzi mwenye filimbi wala meza ya kuandikia alama.

“Mwalimu wangu,” alisema, “wewe unaimba, unaona nyuso. Baadaye unaona migongo. Hapo unataka nani akuambie?”

Akavuta kigoda karibu. Kuanzia hapo sikuuliza tena, nilisikiliza tu. Makundi mawili huchukua uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja na ngoma zake, na katikati kuna watu walio huru kwenda watakako. Atakayewavuta wengi zaidi ndiye mshindi. Watoto, alisema, hukimbia wa kwanza na hurudi wa kwanza, kwa hiyo usiwategemee. Kina mama wenye watoto mgongoni hawahami ovyo, ila wakihama hawarudi. Wazee wakinyanyua viti vyao, basi, siku yako imekwisha. Alinieleza jinsi alivyokuwa akitunga wimbo usiku na kuubadilisha asubuhi baada ya kusikia habari iliyotembea kijijini, kwa sababu watu husogea wakisikia jambo linalowahusu. Alinieleza siku mpinzani wake alipotoa chatu ndani ya kikapu, na yeye akabaki anaimbia vumbi. Alizungumza pia kuhusu dawa ya mvuto, kwamba kila manju alikuwa na mganga wake. Mimi sijui la kusema juu ya dawa. Ninachojua ni kwamba mtu hatafuti dawa ya kuvuta watu kama hajawahi kuogopa kuachwa na watu.

Nilirudi nikaufungua mpango wangu wa somo na kuusoma upya. Kulikuwa na wasanii, majukwaa, maleba, tarehe, dhima za sanaa. Watazamaji walitajwa mara moja tu, katika orodha ya vipengele vinavyokamilisha sanaa ya maonyesho, nao walikuwa wa mwisho kwenye orodha.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma upya mambo niliyoyafundisha kwa muda mrefu, na kila ninapogusa naona nafasi tupu walipokuwa wamesimama watu. Chukua Athens, ambako vitabu vingi hupenda kuanzia. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi majina ya Aeschylus, Sophocles na Euripides, na wao wanayakariri kwa taabu. Sikuwaambia kwa uzito unaostahili kwamba tamasha la mungu Dionysus lilikuwa mashindano, kwamba waamuzi walipatikana kwa kura kutoka katika makabila kumi ya mji, na kwamba umati ulipiga kelele kiasi cha kuwatia waamuzi hofu. Herodotus anasimulia habari ya mtunzi Phrynichus, aliyeonyesha kutekwa kwa mji wa Miletus muda mfupi baada ya msiba wenyewe kutokea mwaka 494 KK. Ukumbi mzima ulilia. Waathens wakamtoza faini ya drakma 1000 kwa kuwakumbusha machungu yao, na wakapiga marufuku mchezo ule usionyeshwe tena. Niliposimulia kisa hicho darasani, vijana wa nyuma, ambao kwa kawaida huinamia madawati, waliinua vichwa. Mmoja akasema faini ile ilikuwa zawadi ya kwanza. Mwingine akapinga kwa ukali, akasema kumliza mtu aliyefiwa si usanii. Sikuwa na jibu la kuwapatanisha, na bado sina.

Hata hivyo nimekuwa na wasiwasi na raha hiyo ya kuwalinganisha Bagika na Athens. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alisita kukubali kwamba drama ilikuwa kitu kilichoenea barani humu, na wasomi wengi wa Kiafrika wakamjibu. Mara nyingi majibu hayo, na yangu yakiwemo, yamekuwa ya kutafuta kwetu kila kitu kilichotajwa kwao: na sisi tuna jukwaa, na sisi tuna kiitikio, na sisi tuna mhusika. Mzee wa chatu na migongo hakuhitaji Wagiriki ili kueleza alichokifanya. Kama ninawataja pamoja darasani, nataka iwe kwa sababu wote walisimama mbele ya watu walioweza kuwakataa. Nikiona nimeanza kuwataja Wagiriki ili manju apate heshima, hujaribu kunyamaza.

Kisha kuna njia ya misafara, ambayo kwa mtu wa mkoa wa Tabora haikwepeki. Burton na Speke walifika Kazeh, Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, na njia kuu ya kutoka pwani ilipita kusini mwetu. Upande wetu huu, kutoka Iramba kwenda Usukuma, ulipita msafara wa Stanley mwanzoni mwa mwaka 1875 ukielekea Kagehyi kando ya Ziwa. Burton ameandika kwa kirefu kuhusu kirangozi, kiongozi wa msafara: nguo nyekundu, ngozi ya mbega kichwani, manyoya ya ndege juu yake. Ameandika pia jinsi wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walivyojiandaa kabla ya kuingia katika kijiji kikubwa, wakavaa nguo walizozitunza ndani ya mizigo, wakapiga ngoma, wakapuliza pembe, wakafyatua bunduki hewani, na wanakijiji wakatoka kuwatazama. Nilipoanza kulisoma hili kwa jicho la mwalimu wa sanaa, nilifurahi mno. Hapa, nilijiambia, kuna onyesho kamili lililosafiri mamia ya maili, lililorudiwa kila kijiji mbele ya watazamaji wapya. Na halikuwa onyesho la bure, kwa kuwa jinsi kijiji kilivyoupokea msafara kuliweza kuamua bei ya chakula na urahisi wa kupita.

Furaha hiyo haikudumu. Katika misafara mingine walikuwamo pia watu waliofungwa minyororo, ambao hawakuvaa nguo yoyote ya sherehe na hawakuchagua kuonekana. Edwin Semzaba aliiandikia tamthiliya biashara hiyo ya utumwa, Tendehogo, iliyotoka mwaka 1980. Nikiita kuingia kwa msafara sanaa ya maonyesho, yule aliyefungwa shingo namweka wapi? Si msanii. Si mtazamaji pia, ingawa alikuwa na macho na aliona yote. Nimewahi kuliacha swali hili nje ya kipindi kwa sababu muda ulikuwa mfupi, lakini ukweli ni kwamba nilishindwa kulibeba mbele ya vijana. Mwaka uliofuata nilileta swali lenyewe, bila jibu, na nikaona kwamba darasa linaweza kukaa na swali lisilo na jibu kwa utulivu kuliko mwalimu wake.

Ngonjera nazifahamu kutoka ndani. Baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alikutana na washairi mwaka 1968 na kuwahimiza waipeleke siasa ya Ujamaa kwa wananchi. Mathias Mnyampala wa Dodoma akaitika kwa ngonjera, na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vikatoka mwaka 1970 na 1971, yeye akiwa ameshafariki. Mimi nilizikuta shuleni bado zina nguvu. Nikiwa mtoto wa shule ya msingi nilisimama juani na wenzangu, sare zimepigwa pasi kwa mkaa, tukajibizana beti mbele ya mgeni rasmi. Nilizipenda. Nilipenda jinsi sauti zetu zilivyopandana na jinsi kina changu kilivyosubiri kina cha mwenzangu. Lakini sasa, nikikumbuka, naona kwamba hakuna aliyeruhusiwa kuondoka pale, wala mgeni kivulini wala wazazi waliosimama. Tulipigiwa makofi tungeimba vizuri au vibaya. Sitaki kuzidharau ngonjera kwa hilo, maana zilinifundisha kusema mbele za watu. Najiuliza tu ni kitu gani msanii anakikosa anapojua tangu mwanzo kwamba hataona migongo.

Na swali hilo likishaulizwa, haliishii kwa watoto wa ngonjera. Darasa langu nalo ni hadhira isiyoweza kuondoka. Wako 40 na zaidi, mlango uko wazi, na hakuna anayetoka. Kwa muda mrefu niliuchukua utulivu wao kuwa dalili ya kuelewa. Siku hizi, ninapogeuka kutoka ubaoni, huwa natazama nyuso kwanza kabla ya kusema neno, na zipo siku ninazoona migongo ingawa wote wamenielekea.

Kuna habari ya Malya, Mkoa wa Mwanza, ambayo nimeifundisha kwa moyo kuliko nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa sanaa kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba wakiwemo, walikwenda kijijini pale, wakazungumza na watu kuhusu matatizo yao. Lililojitokeza ni mimba za wasichana wa shule. Wanakijiji, wakitumia ngoma walizozizoea, wakalitengenezea onyesho, wakalijadili hadharani. Waliozoea kutazama wakawa watendaji, kisha wakarudi kuwa watazamaji, kisha wakawa wabishi. Nikiisimulia habari hii, huwa nahisi kwamba ndiyo niliyoitafuta, halafu najiuliza ni wasichana wangapi wa darasa langu wanaisikia kama historia na ni wangapi wanaisikia kama habari za nyumbani kwao.

Mwaka jana, baada ya pamba kuvunwa, niliwapa kazi. Waende kwenye ngoma yoyote iliyo karibu na kwao, wawape wachezaji kisogo, waandike habari za watazamaji: nani alisimama wapi, nani alihama, lini, baada ya kitu gani. Nilitarajia wangerudi na ushahidi safi wa yale aliyonieleza mzee. Walirudi na mambo mengine kabisa. Wawili waliohudhuria ngoma ileile hawakukubaliana nani alishinda. Wa kwanza alikuwa na mchoro wa uwanja wenye mishale, umati wote ukielekea upande wa Bagalu, na aliutaja hata wimbo uliowahamisha. Wa pili alisimama akasema watu walikwenda kule kwa sababu saa nane jua lilikuwa kali na upande ule kulikuwa na miembe. Yule wa kwanza akauliza mbona asubuhi wimbo uleule uliwavuta kabla jua halijapanda. Msichana wa Manonga akasema bibi yake alikaa upande wa Bagika siku nzima kwa kuwa manju wao ni shemeji yake, na kwamba bibi huyo alizisikiliza nyimbo za upande wa pili kwa makini zaidi na amezishika zote.

Nilikuwa nimeshika chaki na sikujua niandike nini. Kivuli, undugu, wimbo, vyote vilikuwa na haki ya kuandikwa, na ubao ulikuwa mtupu, hauna safu. Mabishano yalivuka muda wetu. Mwalimu wa Jiografia akaja, akasimama mlangoni na ramani zake mkononi, akasikiliza kidogo, kisha akauliza ni nani hasa aliyeshinda, na darasa likamjibu kwa pamoja majibu yasiyofanana.