Kibodi Gani kwa Mashini ya Mac?

Mtu akinunua kompyuta ya Mac mini, akifungua sanduku atakuta mashini ndogo ya mraba na waya wa umeme. Skrini hamna, kibodi hamna, kipanya hamna. Kampuni ya Apple ilianza desturi hii mwezi wa Januari 2005, nayo yaifuata hata leo: vile vinavyobaki, mnunuzi avitafute mwenyewe. Kati ya Mac za kuweka mezani, ndiyo yenye bei ya chini, kwa hiyo yafika hata katika maofisi ambayo hayana mali. Hapo ndipo swali laanza. Tununue kibodi na kipanya vya Apple yenyewe, ama tuchukue vya makampuni mengine?

Wako wanaojibu upesi: vitu vya Mac viwe vya Mac, kama kifuniko na chungu chake. Sisi tunataka kwanza kuhesabu. Mwezi wa Oktoba 2024 Apple ilitoa kibodi yake, Magic Keyboard, na kipanya chake, Magic Mouse, vyenye tundu la USB-C. Katika Marekani kibodi ya kawaida iliuzwa dola 99, na kipanya dola 79. Jumla dola 178, nayo ni kabla ya nauli, ushuru na faida ya mwenye duka wa huku kwetu. Ofisi inayonunua wino na karatasi kwa kuhesabu haiwezi kusema hicho ni kitu kidogo.

Tena vitu vya makampuni mengine si wageni kwa Mac. Macintosh ya kwanza, ya mwaka wa 1984, ilikuwa na kibodi isiyo na vitufe vya mishale hata kimoja, maana Apple ilitaka watu wazoee kipanya, wapende wasipende. Tangu 1987 Macintosh zilikuwa na tundu la peke yake, liitwalo ADB, na fundi aliyetaka kuwauzia wenye Mac alipaswa kutengeneza kwa tundu hilo. Walikuwako waliokubali, kampuni ya Kensington iliwauzia Turbo Mouse, yenye mpira mkubwa wa kuzungushwa kwa vidole. Mwaka wa 1998 ikatoka iMac yenye USB, tundu lile lile la kompyuta nyingine, na tangu hapo kibodi yoyote ya USB yaweza kuandika katika Mac. Logitech, ambayo vipanya vyake twaviona katika maduka mengi, ilianzishwa mwaka wa 1981 katika kijiji kimoja cha Uswisi. Na kijiji hicho chaitwaje? Chaitwa Apples. Ni jina tu, hawana undugu.

Basi, kuunganisha si shida. Shida ni herufi.

Katika ofisi yetu yuko mama mmoja, karani wa siku nyingi. Alijifunza kupiga chapa kwa mashini ya chuma ya azerty, naye huandika bila kutazama mikono. Siku tulipounganisha kibodi mpya na Mac, aliandika jina la mtu, akanyamaza kidogo, kisha akatuita.

– Mwalimu, njoo uone. Mimi nimegonga Kalala, mashini imeandika Kqlqlq. Kibodi hii ni mbovu, irudi dukani.

– Mama, kibodi ni nzima.

– Nzima namna gani, nayo yageuza majina ya watu?

Alikuwa na haki ya kukasirika, kwani jina likikosewa katika karatasi ya ofisi, mwenye jina ndiye atakayeteseka baada ya miaka kumi, akitafuta cheti chake. Lakini kibodi ilikuwa nzima kweli. Kibodi haipeleki herufi kwa kompyuta. Yapeleka namba ya mahali pa kitufe tu. Herufi yenyewe yachaguliwa ndani ya kompyuta, kwa orodha inayosema: mahali hapa ni A, mahali hapa ni M. Orodha ya siku ile ilikuwa ya Kimarekani, na mahali pa A ya azerty Wamarekani waliweka Q. Tuliingia katika mipangilio ya kompyuta, upande wa kibodi, tukachagua Kifaransa, na Kalala akarudi kuwa Kalala.

Hapo twapata kanuni ya kwanza ya kununua. Orodha ya ndani hubadilishwa bure, kwa dakika moja. Rangi iliyochapwa juu ya vitufe haibadiliki. Kwa hiyo, dukani, kabla ya kuuliza bei wala jina la kampuni, tazama herufi zilizochapwa. Mtu aliyelelewa na azerty asikubali qwerty kwa sababu imepunguzwa bei. Atafaidi franka chache, kisha atatafuta é na ç kila siku. Ni kweli, Kiswahili chetu hakina herufi zenye alama juu, na qwerty yakitosha. Lakini barua zetu nyingi ni za Kifaransa. Na hata kwa Kiswahili azerty ina neema yake ndogo: ile alama ya ng'ombe na ng'ambo yapatikana kwa kitufe cha 4, bila kugusa kitufe cha herufi kubwa.

Hata azerty si moja, na jambo hili wauzaji wengi hawalijui. Azerty ya Wafaransa na azerty ya Wabelgiji, zilizofanywa kwa kompyuta za PC, zaachana katika alama. Katika kibodi ya Wafaransa kitufe cha 6 kina kistari, na cha 8 kina mstari wa chini. Katika ile ya Wabelgiji, 6 ina alama ya §, na 8 ina alama ya mshangao. Sasa, azerty ya Apple yenyewe yafuata njia gani? Yafanana na ile ya Wabelgiji: § juu ya 6, mshangao juu ya 8, kistari mwisho wa mstari wa namba, na alama ya = chini, upande wa kuume. Huku kwetu kibodi za Kibelgiji zilizotumika zaonekana sokoni, na watu wazidharau. Mwenye Mac asizidharau. Karibu kila alama iliyochapwa juu yake itatoka sawasawa.

Karibu, si zote. Alama ya @ ya anwani za barua pepe, Wabelgiji wameichapa juu ya 2, nayo hutafutwa kwa kitufe cha AltGr. Kwa Mac, @ yakaa katika kitufe cha kwanza kabisa, kushoto kwa 1, pale penye ² ndogo. Tulikata kipande cha karatasi, tukaandika @, tukakibandika. Mabano ya mraba nayo yamehama, lakini karani wa ofisi hayahitaji mara nyingi. Anayekuta kibodi ya Kifaransa ya PC peke yake, asikate tamaa: katika programu za Mac za siku hizi umo mpangilio wa Kifaransa uliofanywa kwa ajili ya kibodi za PC, na kwa huo alama zafuata rangi ya vitufe.

Jambo jingine la kushangaza watu. Mara ya kwanza kibodi ngeni ikiunganishwa, Mac huuliza: gonga kitufe kilicho karibu na Shift ya kushoto, kisha kile cha karibu na Shift ya kuume. Usipite haraka. Mac yataka kujua kama kibodi ni ya umbo la Ulaya ama la Marekani. Ikidanganywa, alama ya < na alama ya @ hubadilishana mahali, na mwenye kibodi hudhani ameuziwa takataka. Dawa yake ni kurudi katika mipangilio ya kibodi na kujibu upya.

Sasa vitufe vya karibu na kile kirefu cha nafasi. Aliyezoea Windows hunakili maneno kwa Ctrl na C. Kwa Mac ni Command na C. Kibodi ya PC haina Command. Mac hukitumia kile chenye dirisha la Windows kwa kazi hiyo, na Alt yawa Option. Lakini mpango wao umepinduka: kwa Apple, Command ndiyo jirani ya kitufe cha nafasi; kwa PC, jirani ni Alt. Kidole gumba cha mtu wa Mac chakosa kila mara. Mipangilio ya Mac yakubali kuvibadilisha viwili hivyo, nayo hukumbuka badiliko hilo kwa kila kibodi peke yake, hata ukileta nyingine kesho. Kampuni ya Keychron huuza kibodi zenye swichi ndogo pembeni, Mac upande huu, Windows upande huu. Ni nzuri, ila nyingi huuzwa kwa qwerty, na zile zenye swichi ngumu chini ya kila kitufe hupiga kelele. Chumba chenye makarani wawili kitajuta.

Tuwe wa haki kwa Apple. Tangu 2021 yauza kibodi zenye Touch ID, yaani kitufe kinachotambua kidole, na mtu hufungua kompyuta bila kuandika neno la siri. Kibodi za makampuni mengine hazina jambo hilo. Anayelitaka sana, na mwenye Mac ya chipu za Apple zenyewe, alipe.

Waya ama bila waya? Kwa ofisi ya mahali umeme unapokatika, sisi twasema waya, bila kusitasita. Kibodi ya waya haina betri ya kuchaji, nayo yafanya kazi tangu sekunde ya kwanza mashini inapowaka, wakati kibodi ya Bluetooth mara nyingine bado haijasikika. Vipo pia vile vyenye kijiti kidogo cha redio cha kuchomeka katika USB. Kijiti kikipotea, kipanya kimekufa. Tena diski ya nje ya USB 3 ikiwekwa karibu nacho huvuruga redio ya 2.4 GHz, na kipanya huruka-ruka kama panya wa kweli. Angalia matundu pia: Mac mini ya mwaka 2024 haina tena tundu pana la USB, ina yale madogo ya USB-C peke yake. Kibodi ya bei ndogo itahitaji kiunganishi. Nunua viwili siku ile ile, maana ni vidogo na hupotea.

Juu ya kipanya hatuna maneno mengi. Magic Mouse ni kizuri kwa macho, lakini ni bapa, na kiganja hakina mahali pa kupumzika. Tangu 2015 tundu lake la kuchaji liko tumboni. Kikichajiwa hulala chali, na kazi husimama. Apple ilikibadilishia tundu mwaka wa 2024, ikaliacha tumboni pale pale. Kipanya cho chote cha USB chenye vitufe viwili na gurudumu chafanya kazi kwa Mac bila programu yo yote. Gurudumu likienda kinyume, hiyo ni desturi ya Apple tangu 2011. Huondolewa katika mipangilio ya kipanya. Ila kwa Mac ya kubeba, badiliko hilo lageuza na kile kibao cha kugusa, kwa kuwa vimefungwa pamoja.

Programu ambazo makampuni huzitoa pamoja na vipanya na kibodi, tuziogope kidogo. Nyingine huomba ruhusa ya kutazama kila kitufe kinachogongwa. Katika ofisi inayoandika habari za siri za watu, ruhusa hiyo isitolewe kwa ajili ya kitufe kimoja cha pembeni. Kifaa kisichohitaji programu ndicho tunachokipenda.

Mwisho, mkono. Mama karani alikuwa ameanza kuumwa kifundo cha mkono wa kuume, kwa hiyo tulikwenda naye dukani, asinunuliwe kitu asichokishika. Kijana wa duka alileta chenye vitufe saba na taa za rangi. Mama alikiweka mezani, akakisukuma mara mbili, akakirudisha. Akauliza bei ya kingine, cha kijivu, kidogo, chenye waya, kilichokuwa chini ya kioo nyuma ya vingine.