Sina Mtumbwi, Nina Kura

Kwa miaka mingi ziwa lilinilisha bila mimi kuwa na neno juu yake. Mitumbwi ya dagaa ikitia nanga alfajiri kwenye mwalo wetu, mkoani Mwanza, sisi kina mama tuliingia majini hadi magotini na ndoo zetu, tukasubiri kutajiwa bei. Aliyetaja bei alikuwa mwenye mtumbwi. Ukibisha, ndoo inakwenda kwa mwingine. Ukinunua, unamwaga dagaa mchangani na kuomba jua. Mvua ikishuka mchana, dagaa wa kuliwa anageuka chakula cha kuku, bei inaporomoka, na deni liko palepale.

BMU niliijua kwa jina. Vikundi hivi vya kusimamia rasilimali za uvuvi vilianza kuundwa upande wa Tanzania wa Ziwa Victoria mwaka 1998, lakini mwaloni kwetu wenye kusikika walikuwa wanaume wenye injini na nyavu. Shoga yangu mmoja, mchuuzi kama mimi, ndiye aliyenieleza kwamba kikundi ni cha kila anayekula kwa mwalo: mwenye mtumbwi, kibarua wake, fundi, mchuuzi, mkaushaji. Kamati huwa na watu 9 hadi 15, na wanawake wasipungue 3. Nikaandikisha jina, na uchaguzi ulipotangazwa nikagombea.

Mzee mmoja mwenye mitumbwi aliniuliza mbele ya watu: "Mama, wewe huna hata kasia. Utaongoza nini?"

Nikamjibu: "Shikamoo mzee. Kasia kweli sina. Ila dagaa wako akikosa wa kumwanika, jioni ananuka." Mkutano uliangua kicheko, na mzee naye akacheka. Nikapita.

Nilipewa daftari la takwimu. Kila asubuhi naandika mtumbwi gani umeshusha, samaki gani, ndoo ngapi. Kazi inachosha, tena haina sifa, lakini ndiyo iliyonibadilisha. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa karabai na siku hizi kwa taa za sola. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi mingi hupumzika. Hilo kila mtu analijua. Daftari liliongeza kutuonyesha ni siku zipi za giza mwalo hufurika na ni zipi mzigo huwa mdogo. Kina mama tukaanza kuweka akiba kwa ajili ya siku za mzigo mkubwa, tukanunua kwa pamoja, na bei ikawa jambo la kuzungumza, si la kutajiwa.

Kisha nikaleta hoja ya vichanja. Dagaa wa kichanjani hupitiwa na upepo juu na chini, hukauka upesi, hana mchanga, na wingu likikusanyika unamfunika kwa turubai. Mkutano mkuu ulikubali. Tukasimamisha miti, tukatandaza nyavu kuukuu. Wateja wanaonunua dagaa wa chakula wakaanza kuuliza, "Huyu ni wa kichanja?" kabla ya kuuliza bei.

Sitaficha upande mchungu. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi, kwa kuwa wengi wa kimo hicho hawajazaa hata mara moja. Kokoro nalo limepigwa marufuku, maana linakomba mazalia pamoja na vifaranga. Kwenye karatasi ni rahisi. Mwaloni, mwenye beseni la sangara wadogo ni mwanamke ninayemfahamu, ana watoto, na ada ya shule inamsubiri. Wapo walioacha kunisalimia. Ndipo nilipoelewa kwa nini kamati inahitaji watu wa aina yetu: doria ya wanaume hukamata beseni na kuondoka, sisi hubaki kuulizana mwenzetu atauza nini kesho. Baadhi ya waliokuwa wakiuza sangara wadogo sasa wanakausha dagaa nasi.

Sijatajirika. Masika bado yanatutesa, na wapo wenye mitumbwi wasiopenda kuniona na kalamu. Lakini jambo la mwalo haliamuliwi tena sisi tukiwa majini na ndoo. Mama unayesoma haya na kazi yako iko ufukweni, usingoje kununua mtumbwi kwanza. Jina lako liwe kwenye rejista, na siku ya mkutano mkuu uketi mahali utakapoonekana ukinyoosha mkono.