DNA si ya kutafuta baba tu

Kenya hii ukitaja DNA, mawazo ya kila mtu yanakimbia pahali pamoja: mtoto ni wa nani? Kuna matanga, kuna shamba, halafu anatokea mama na watoto wawili wasiojulikana, wakili anasema twende maabara. Sawa. Lakini wasee, stori ya DNA iliyonishika mimi ni ya pomboo.

Mjomba wangu ni nahodha wa boti ya watalii kule Shimoni. Yeye humtambua pomboo kwa mgongo tu. Akiona nundu anakuambia huyu si wale wa kawaida. Hakosei. Sasa mchukue huyo pomboo, mkate vipande, mfunge kwa plastiki, mweke kwa friji ya duka. Hata mjomba atasema ni nyama nyekundu, basi.

Mwaka 1993 wanabiolojia walitaka kujua nyama iliyouzwa Japani kwa jina la nyangumi ni ya mnyama gani haswa. Japani ilikuwa ikiwinda nyangumi aina ya minke ikisema ni utafiti, na nyama yake ilifika sokoni kihalali. Shida ni kwamba mkataba wa CITES hauruhusu kutoa hata kipande nje ya nchi bila kibali. Wakafanya nini? Wakaweka maabara kwa chumba cha hoteli. Maze, hoteli! Mashine ya PCR ni kama fotokopi ya DNA: kila mzunguko nakala zinaongezeka mara mbili, na mizunguko 30 inageuza nakala moja kuwa zaidi ya bilioni. Nakala hizo zimetengenezwa na mashine, si mwili wa mnyama, kwa hivyo zilipanda ndege bila noma. Nyumbani wakazilinganisha na DNA ya spishi zinazojulikana.

Scott Baker na Stephen Palumbi walichapisha majibu 1994 kwenye jarida la Science. Kulikuwa na nyangumi-nundu, wale wale wa jamii inayopita Watamu kila mwaka, na huyo alikuwa amelindwa. Na vipande vingine vilikuwa vya pomboo na popoizi, yule binamu wa pomboo mwenye pua butu.

Sisi tunaojua stori za nyama ya punda tunaelewa huo uchungu. Na si pesa tu. Pomboo hula samaki wengi, hivyo hubeba zebaki nyingi kuliko minke. Mama mjamzito anasoma lebo, anaiamini, anapikia tumbo lake sumu. Kwangu mimi hapo ndipo kesi ilipo, hata kuliko kwa mwindaji.

Kwetu pia DNA ilikuwa na kazi. Zamani wataalamu wengi walihesabu pomboo-nundu wetu pamoja na wale wa Uchina, kana kwamba ni kundi moja kubwa. Mwaka 2014, kwa kutumia mafuvu, rangi na DNA, wakagawanywa kuwa spishi nne. Wetu akapata jina lake peke yake, Sousa plumbea, na IUCN ikamweka kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Angebaki amejificha nyuma ya hesabu za Uchina, nani angejua anapungua?

Kwa hivyo ukienda Kisite na video yako ikinasa mgongo wenye nundu, usiandike "pomboo" tu. Andika ni yupi.